Mwaka wa Makoti ya Sufi

Nilipofika Iringa kwenye hitima ya Bi Mwanaidi, kitu cha kwanza kilichonishughulisha kilikuwa viatu. Sisi wazee tukifika penye mkeka tunahangaika na kamba za viatu kama watoto wa chekechea, na mgongo wangu siku hizi hauinami bila kulalamika. Watu wakataka kunisaidia, nikawakatalia. Nikavua mwenyewe, na soksi pia, nikakaa, nikanyoosha miguu, nikaitazama. Vidole kumi. Vimejikunja, kucha zimekuwa ngumu, lakini ni kumi. Viwili vya mguu wa kushoto, kile kidogo na jirani yake, havina hisia tangu utotoni; funza walivila, vikaoza, vikapona, ila uhai haukurudi ndani. Hata ukivichoma sindano sina habari. Basi nikaviangalia vile vidole, machozi yakaanza kunitoka. Walionizunguka wakadhani namlilia marehemu, na kweli nilikuwa namlilia, ila nilikuwa nimeanzia miguuni. Ili mtu anielewe, itabidi nieleze ule mwaka tuliojiandaa kwenda kwenye theluji.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa darasa la nne, nimepanga chumba Kihesa. Nilikuwa na suti moja na majivuno ya suti kumi. Siku moja nikawa nafundisha milima ya Tanganyika, nikasema juu ya Kilimanjaro kuna theluji mwaka mzima. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, mtulivu, hana hata dalili ya utani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, umeshaishika?" Ningesema nini? Darasa zima lilikuwa linanitazama. Nikasema ndiyo. "Ikoje, mwalimu?" Nikasema ni kama chumvi ya mawe, ila ya baridi. Wakainamisha vichwa wote, wakaandika kwenye madaftari yao kwamba theluji ni kama chumvi ya mawe. Nilikaa siku tatu sina raha. Mwisho nikamwandikia barua rafiki yangu Ambokile, tuliyesoma naye ualimu, Mnyakyusa aliyekuwa akifundisha Mbeya, mtu asiyeogopa kitu chochote duniani isipokuwa mbwa. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: twende tukaishike, uongo wako uwe kweli.

Likizo ilipofika Ambokile akaja Iringa, tukakaa kupanga safari katika hoteli ya Bi Mwanaidi karibu na soko. Naiona ile hoteli mpaka leo. Meza nne zenye vitambaa vya mpira, dirisha moja linalotazama wauza viazi, na kanga iliyofifia imetundikwa mlangoni kutenga jikoni. Nyuma ya kanga ile ndipo alipokaa mwenyewe, mjane wa miaka thelathini na kitu, watu wake asili yao Lindi, sauti yake nzito kuliko umbo lake. Asubuhi alitoa supu na chapati, mchana wali na maharage, na siku ya Ijumaa pilau ambayo Wakatoliki kama mimi tuliisubiri kuliko Waislamu. Tulikuwa tunakunywa chai, tunapanga kwa sauti kubwa: mablanketi mawili mawili, viatu vya mpira, unga, maharage, basi. Sauti ikatoka nyuma ya kanga.

"Nyie mnakwenda kupanda mlima au mnakwenda kuzikwa?"

"Shikamoo, Bi Mwanaidi," akasema Ambokile.

"Marahaba. Maharage mtayapika wapi?"

"Si hukohuko juu," nikajibu.

Akatoka na mwiko mkononi. Akatueleza kwamba kwa shangazi yake Lindi, maharage ukiyabandika baada ya sala ya adhuhuri, alasiri watu wanakula. Maharage yaleyale aliyabeba kwa gunia akayaleta Iringa, kuni nzuri, sufuria ileile, na alasiri bado yanagonga sahani. Alidhani ni maji. Akapikia maji ya mvua, wapi. Kisha akaenda kumwona ndugu yake Nyololo, ambako ni juu kuliko Iringa, akakuta huko hali ni mbaya zaidi. "Kila nikipanda, maharage yanazidi kiburi. Sasa huko mawinguni kwenu yataiva lini? Siku ya Kiyama?" Tulicheka sana. Nikajitia ualimu, nikamweleza kwamba moto ni moto, na maji yakishachemka yamechemka, hakuna kuchemka kwa Lindi na kuchemka kwa Nyololo. Alinitazama kwa upole wa mtu anayemtazama mlevi. "Haya, Mwalimu. Mtapika, mtaniambia." Tangu siku hiyo ile safari haikuwa yetu tena, ikawa yake, ingawa hakuwa na nia ya kwenda hata hatua moja.

Nimeishi na watu wengi wenye vyeo na shahada, sijaona mwingine aliyepanga jambo kama yule mama. Hakuwahi kuiona theluji. Hakujua kusoma herufi za Kizungu, alisoma Kurani tu. Lakini alikuwa na tabia moja niliyoichukia mwanzoni: hakubali kitu mpaka akijaribu. Nguo za baridi hatukuwa nazo, na zile za madukani zilikuwa za Wazungu. Yeye akamwita Saidi, mtoto wa kaka yake, fundi magodoro hapo Kihesa, kijana wa rika letu. Akamwambia ashone makoti matatu, kitambaa cha magodoro nje na ndani, katikati ajaze sufi, kisha apige mishono ya mraba ili sufi isishuke yote kiunoni. "Matatu?" akauliza Saidi. "La tatu la nani?" Shangazi yake akamwambia, "La kwako. Ukilivaa wewe mwenyewe utashona vizuri." Hivyo ndivyo Saidi alivyoingia safarini, na naapa hakuna mishono iliyopigwa kwa uangalifu kama ile. Tulipoyavaa mara ya kwanza pale hotelini, makoti yenye mistari ya bluu na nyeupe, tumevimba mikono haishuki, wauza viazi waliacha biashara yao wakaja dirishani. "Jamani, magodoro yanatembea!" Bi Mwanaidi hakucheka. Alizunguka akitubonyeza mgongoni kwa mpini wa mwiko, maana mimi na Ambokile hatukuwa maharimu zake na hakutaka kutugusa kwa mkono, akitafuta mahali sufi ilipokuwa nyembamba.

Kisha akatutuma Mbeya, katikati ya kipupwe, tukapande ule mlima ulio juu ya mji kama mazoezi, na maharage yetu mfukoni. Lori lilituchukua siku nzima, Nyololo, Igawa, vumbi mpaka kwenye kope. Asubuhi tukaanza kupanda, na hapo tukafanya kosa ambalo angelifanya mtu yeyote wa kwetu. Kwetu kipupwe kikiingia, koti unalivaa ukitoka mlangoni na kulivua jua likishapanda. Tukavaa makoti palepale chini, na nisiseme uongo, tulitaka na watu wa Mbeya watuone. Nusu ya safari tulikuwa tumelowa jasho. Kileleni upepo ukatukuta, jasho likageuka maji ya barafu mgongoni, Saidi meno yakawa yanagongana hawezi hata kutaja jina lake. Tukawasha moto, tukabandika maharage. Maji yakachemka upesi, nikawaambia mnaona? Saa zikapita. Ambokile alichukua punje moja akaitafuna, akashika shavu. "Leonsi, hili ni jiwe." Nilipendekeza tumwambie Bi Mwanaidi kwamba yaliiva vizuri. Ambokile akakataa katakata. Akafunga maharage yale kwenye leso, tukamrudishia kama yalivyo.

Jambo moja sikulileta. Jioni ile nyumbani kwa Ambokile nilivua buti nyuma ya mlango, nikakuta soksi imegandamana na damu. Kijiwe kiliingia kwenye kiatu na kilikuwa kinanisaga kidole kidogo njia nzima ya kushuka, na mimi sikujua kabisa. Nikaiosha soksi bombani, nikafunga kidole kwa kitambaa, sikusema kitu. Mpumbavu mimi, nilifurahi kwamba hakiumi.

Kule Iringa, Bi Mwanaidi aliyaweka yale maharage kwenye sahani ndogo, akayatazama, hakutusimanga. Kesho yake alianza kazi. Akachemsha maharage hapo hotelini mpaka yakalainika kabisa, akayaanika juani kwenye ungo, akayatwanga yakawa unga. Akamimina maji ya moto kwenye bakuli, akakoroga, tukala uji wa maharage wenye chumvi na bizari ndani ya muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. "Huko juu hamtapika. Mtakoroga," akasema. Kuhusu makoti alisema, "Koti ni la kukaa, si la kutembea," akamwamuru Saidi ashone mikanda ili tuyakunje na kuyabeba mgongoni kama wachuuzi wa magodoro. Mtu huyu, jamani! Vitabu vinasema kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kabla hayajapata joto la kuivisha; alifika pale wataalamu wanapofika, na njia yake ilipita jikoni.

Baada ya hapo akaanza kuwahoji wapita njia. Siku moja alikula pale dereva wa lori kutoka Moshi aliyewahi kubeba mizigo ya wapanda mlima. Nilikuwa meza ya pili, nikasikia yote. Bi Mwanaidi alimwongezea supu, akamwongezea chapati, na kila kijiko kilikuja na swali. Kinachotangulia kuharibika ni nini? Vidole vya miguu, mama. Inauma sana? Dereva akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Mwanzo inauma, halafu inaacha. Barafu ikishakukamata haiumi tena, ndiyo hila yake. Mtu anasema mimi mzima, akivua kiatu vidole vyeupe, kesho vyeusi, keshokutwa anakatwa." Supu yangu ikanishinda. Niliinuka nikaondoka bila kumaliza chapati, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Wiki moja kabla ya safari akatuita asubuhi na mapema uani, nyuma ya hoteli. Pale palikuwa na benchi na beseni la maji yaliyolala nje. Siku hiyo baridi ilikuwa kali, sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imeanguka mpaka mabondeni. Akasema asiyeisikia miguu yake haendi, yeye hatapeleka mtu akamrudishia nusu. Kila mmoja atumbukize miguu, aitoe, afungwe kanga machoni, kisha yeye atagusa vidole kwa mpini wa mwiko na mtu ataje ni kipi. Alianza Saidi, akafuata Ambokile. Mimi nikatazama kwa makini kuliko nilivyowahi kutazama mtihani, nikaona anakwenda kwa utaratibu: kulia, kutoka kidogo mpaka gumba, halafu kushoto vilevile. Zamu yangu ilipofika nikafungwa kanga, nikataja vyote kumi bila kukosea. Nilijiona mjanja.

"Vizuri," akasema. "Na sasa?"

Sikusikia kitu, nikadhani anarudia vile visivyo na hisia. "Kidole kidogo, kushoto."

"Na sasa?"

"Cha jirani yake."

Ambokile akakohoa. Nilipoivuta kanga nikamwona Bi Mwanaidi amesimama hatua tatu kutoka kwangu, amekunja mikono, mwiko ameubana kwapani. Hakuwa amenigusa popote. Naona aibu hadi hivi ninavyoandika. Sikupata kofi wala tusi. Aligeuka tu akasema, "Saidi, Ambokile, chumvi imeisha jikoni, nendeni sokoni." Chumvi ilikuwa imejaa debe, wote tulijua.

"Tangu lini?" akaniuliza tulipobaki wawili.

"Tangu utotoni. Funza."

"Mbona hukusema?"

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia, ndiyo." Akakaa kwenye kigoda, akanitazama. "Mwalimu, hebu niambie. Ukiulizwa kitu usichokijua, hili neno sijui linakuunguza ulimi?"

Basi nikamwaga yote. Nikamweleza habari ya yule msichana, chumvi ya mawe, madaftari ya darasa zima. Nilidhani atakasirika; alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Nikapata nguvu, nikamsihi. Nikamwambia nisipokwenda nitabaki mwongo maisha yangu yote. Akawa anakwangua masalio ya ugali kwenye mwiko.

"Utakwenda," akasema, "mpaka kibanda cha mwisho cha wapanda mlima. Kupita hapo hapana."

"Nikae kibandani niwe mpishi?" nikauliza kwa dharau, na hapohapo nikakumbuka ninazungumza na nani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Hakujali, au alijali akanisamehe. "Utakuwa mkaguzi wa miguu. Mimi sitakuwepo. Saidi hajui, Ambokile hajui. Wewe vidole vilivyokufa unaishi navyo, unajua jinsi vinavyodanganya. Wakirudi kutoka juu, usiwasikilize midomo yao." Akauosha ule mwiko, akaufuta, akanikabidhi.

Sitaeleza mlima wenyewe sana. Wengine wameupanda wakarudi na maneno mengi. Tulikwenda na kiongozi Mchaga aliyetazama makoti yetu akacheka, na siku ya tatu akaanza kumbembeleza Saidi amuuzie lake. Nilibaki kwenye kibanda cha mwisho kama nilivyoagizwa. Weupe niliuona juu yangu, karibu sana, na maji ya ndoo yalikuwa yameganda juu nikayavunja kwa ngumi. Kuna wakati nilifunga kamba za buti nikafika mlangoni. Nani angejua? Nikautazama mwiko uliolala juu ya mkoba, nikarudi nikakaa. Wakarejea mchana, wanaimba, Ambokile ameibeba theluji ndani ya skafu yake, donge kubwa. "Leonsi, shika! Shika uongo wako!" Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka. Nikaurudisha, nikasema viatu kwanza.

"Aa, niache bwana, miguu mizima. Haiumi hata kidogo."

Neno lile likanipiga kifuani. Saidi alikuwa mzima, kila kidole alikisikia. Ambokile nikamfunga macho, nikakaa mbele yake mwiko umelala mapajani kwangu, nikauliza, "Nimegusa kipi?" Akajibu bila wasiwasi, "Gumba la kulia." Nikatazama: vidole vitatu vya kulia vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Nikafungua koti, nikafungua shati, nikaubandika mguu ule tumboni kwangu, nikafunga koti la sufi juu yake. Baridi ile niliisikia mpaka kwenye uti wa mgongo. Bi Mwanaidi alikuwa amenihadithia kwamba yule dereva wa Moshi alikataza moto na kusugua, akasema tumbo la mwenzio ndiyo dawa. Tulikaa hivyo, yeye ananitukana kwa Kinyakyusa, mimi namshikilia. Halafu uchungu ukaanza kuja. Alilia, mwanamume yule, alilia kwa sauti, na mimi nikawa nacheka kwa furaha na machozi yananitoka, Saidi anatushangaa wote wawili. Vidole vikawa vyekundu. Nilipokumbuka skafu, ilikuwa imelala sakafuni ndani ya dimbwi dogo la maji. Hivyo sikuishika, na mpaka leo sijaishika.

Tuliporudi Iringa, Bi Mwanaidi hakuuliza kama kilele kilifikiwa. Alitoka nyuma ya kanga, akatazama chini, akasema, "Viatu." Tukavua pale katikati ya hoteli, wateja wanakula. Alihesabu kwa mpini wa mwiko mpaka thelathini, ndipo akauliza kama tumekula. Na shule ilipofunguliwa nilisimama mbele ya darasa, nikawaambia walifute lile la chumvi ya mawe. Yule msichana akanyoosha mkono tena: sasa ikoje? Nikasema sijui, nimeiona kwa karibu, sijaishika. Ulimi haukuungua.

Basi siku ya hitima nilikuwa nimekaa hapo kwenye mkeka nalia, Ambokile akafika kutoka Mbeya na mkongojo wake, mzee mnene, Mkristo wa Kimoraviani miongoni mwa kofia nyeupe. Saidi, ambaye sasa ni haji na ndiye mwenye msiba, akampokea. Ambokile akavua viatu kwa tabu, akaketi ubavuni kwangu, akanyoosha miguu kando ya miguu yangu. Kumi. Tulivitazama mpaka pilau ikapita. Kisha akaninong'oneza, "Fumba macho." Nikafumba. Nikasubiri. Nilisikia watu wanaitikia dua, nilisikia sahani zinakusanywa, nilisikia pumzi yake nzito.

"Nimegusa kipi?"

"Sijui, ndugu yangu," nikasema. "Sijui."